Nguo za Kutokea na Televisheni ya Kubeba

Televisheni ndogo ya kubeba ni sanduku la plastiki au bati lenye kioo cha inchi 5 hadi 14, mkono wa kushikia juu yake, antena ya kuvuta mgongoni, na tundu la kuingizia waya wa betri ya gari. Nyuma lina kisogo kilichochomoza, kwa kuwa bomba la picha linahitaji nafasi ya kurushia miale yake hadi kwenye kioo. Ndiyo maana vifaa vya kizazi hicho vimebaki na jina la televisheni za chogo. Mwembe Tayari, kwenye kisiwa cha Mombasa, wazee wanapokikumbuka kifaa hicho hawakikumbuki peke yake. Huja pamoja na nguo: kanzu iliyopigwa pasi ya makaa, suruali ya terilini yenye kunjo lililosimama, buibui lililofukizwa udi, watoto waliooshwa miguu na kupakwa mafuta ya nazi kabla ya taarifa ya habari ya saa moja.

Kuungana kwa kumbukumbu hizo mbili kunahitaji maelezo, kwa maana kioo cha televisheni hakina macho. Hakikumwona aliyevaa vizuri, wala hakikumwona aliyekuja na fulana iliyotoboka. Maelezo yenyewe ni kwamba kutazama televisheni kulianza kama ziara, na ziara ina nguo zake. Kifaa kile kile kidogo kinachokumbukwa kwa mapenzi ndicho kilichoanza kuivunja ziara hiyo.

Historia ya kifaa ni fupi. Televisheni za mwanzo zilitumia vali za kioo ambazo hazikufanya kazi mpaka zipate moto. Zilikula umeme mwingi, na nyingi zilikuwa nzito kama kabati. Transista, iliyovumbuliwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1947, ndiyo iliyolipunguza sanduku. Mwaka 1959 kampuni ya Philco ya Marekani ilitoa televisheni ya transista iliyotumia betri, ya kwanza ya aina yake, ikaipa jina Safari. Mwaka uliofuata Sony ya Japani ikatoa TV8-301, yenye kioo cha inchi 8 na uzito wa kilo 6 hivi, na mwaka 1962 ikaja nyingine yenye kioo cha inchi 5. Wenye viwanda walikuwa wakiuza ndoto ya mtu kutoka nje na picha yake mkononi, na walipotafuta jina la ndoto hiyo waliazima neno lililosafiri na wapagazi wa pwani ya Afrika Mashariki.

Neno hilo lina wenyewe Mwembe Tayari. Simulizi mojawapo ya mji husema kwamba mtaa ulipata jina lake kutokana na mwembe ambao chini yake watu wa misafara walikusanyika, mizigo ikiwa imefungwa, wakingojea kuambiwa kwamba mambo yako tayari. Kwenye barabara ya Jomo Kenyatta ipo sanamu ya kumbukumbu ya Waafrika waliotumika katika vita vya kwanza vya dunia, askari pamoja na wapagazi. Hatua chache kutoka hapo ziko ofisi za mabasi ya Nairobi, mwendo wa kilomita karibu 480, ambayo mengi huondoka usiku. Soko liko hapo hapo, na Majengo imepakana na Mwembe Tayari. Ni mtaa wa watu walio njiani, na watu walio njiani hutazamwa na wasiowajua. Mavazi yana kazi kubwa mahali kama hapo.

Kenya ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962, kituo cha kwanza kikiwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na mawimbi yake yakifika maili 15 tu. Tarehe 1 Julai 1964 shirika lilitaifishwa na kuitwa Sauti ya Kenya, ambayo wengi waliijua kwa herufi zake za Kiingereza, VoK. Mwaka 1970 kituo cha televisheni kilifunguliwa Mombasa ili kutengeneza michezo ya kuigiza, muziki na vipindi vya utamaduni vyenye ladha ya pwani. Stesheni ilikuwa moja na matangazo yalikuwa ya jioni. Habari za Kiswahili zilisomwa saa moja, za Kiingereza saa tatu, na usiku stesheni ilifungwa kwa wimbo wa taifa. Wimbo huo ulitungwa kutokana na bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana, kwa hiyo kila usiku Kenya nzima ililazwa kwa sauti ya mama wa pwani, ingawa si wengi waliolijua hilo.

Vifaa viliingia kwa njia nyingi. Waliokuwa na uwezo walinunua madukani. Mabaharia walileta vyao kutoka bandari za mbali, na hapo fundi akapata kazi, kwa sababu picha ya Kenya ilichorwa kwa mistari 625, mara 25 kwa sekunde, ilhali Japani na Marekani zilitumia mistari 525; televisheni nzuri iliyonunuliwa Yokohama ingeweza kuonyesha chenga tupu Mombasa. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, watu wa Mombasa waliokwenda kufanya kazi Ghuba walirudi na redio kaseti na televisheni zilizofungwa kwa kamba. Miaka ya 1980 na 1990 ikawa zamu ya Great Wall kutoka China, ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyokubali betri ya gari bila taabu. Betri ilipochoka ilibebwa hadi gereji au kituo cha mafuta ikajazwe, na jioni hiyo nyumba ilikuwa kimya.

Lugha nayo ilikipa kifaa nguo yake. Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa na kufariki mwaka 2017, hakuridhika na neno televisheni likiwa limetoholewa tu. Ndiye aliyebuni runinga, neno ambalo leo husomwa katika taarifa za habari na vitabu vya shule vya Kenya. Katika Kiswahili cha mashairi, maninga ni macho, na mwenye kuzoea tenzi hulisikia neno hilo ndani ya runinga. Nabhany aliamini kwamba kigeni kinapoingia nyumbani kinastahili jina la nyumbani. Ni imani ile ile iliyomfanya mama amwambie mwanawe avae shati kabla ya kwenda kutazama.

Kuhusu mavazi, ni lazima kurudi nyuma zaidi ya televisheni, la sivyo ukali wa kanuni zile hautaeleweka. Katika miji ya Waswahili ya karne ya 19 nguo zilitenga watu. Mtumwa hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Wanawake wa koo kubwa za Mombasa na Lamu walipita njiani ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililoshikwa na watumwa. Mwungwana alijulikana kwa mbali, na neno lenyewe, uungwana, lilibeba maana mbili zisizotengana: kutokuwa mtumwa, na kuwa na adabu. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Tangu hapo kanzu, kofia na viatu vilikuwa wazi kwa kila aliyeweza kuvinunua, na waliokatazwa jana ndio waliovivaa kwa bidii zaidi. Buibui lilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, likitokea Hadhramaut, lilimfunika mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa kwa kitambaa cheusi kile kile. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa vilishindana kwa sare, na chama kilichotokea na nguo pungufu kilikuwa kimeshindwa kabla ya ngoma kuanza.

Kwa hiyo aliyepiga pasi kanzu yake mwaka 1975 ili aende kwa jirani alikuwa anafanya jambo ambalo babu yake huenda alikatazwa. Hili husahauliwa mara nyingi na wanaosikitikia mavazi ya zamani kana kwamba yalikuwa urembo tu. Pasi ile ya makaa ilikuwa na historia nzito ndani yake.

Na hakuna aliyeliweka wazi suala la uungwana kwa Wakenya zaidi ya Leonard Mambo Mbotela. Alizaliwa mwaka 1940 Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini. Baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa. Mwana akawa mtangazaji, na kuanzia mwaka 1966 akaendesha kipindi kilichouliza katika jina lake: Je, Huu ni Uungwana? Kipindi kilianza redioni na baadaye kikaonekana kwenye televisheni. Kilihusu mambo madogo, kama vile mtu kuingia kwa watu bila hodi, kula njiani, kumkatiza mkubwa maneno. Swali lile lilipoulizwa na mtoto wa Freretown, mjukuu wa walionunuliwa na kuuzwa, neno uungwana lilikuwa limekwisha kuachana na ukoo na kubaki na tabia peke yake. Mbotela alifariki Februari 2025, na waliomlilia walilikumbuka swali lake kuliko taarifa zote alizosoma.

Katika hali hiyo televisheni iliingia nyumbani kwa watu. Mwanzoni ilikuwa nyumba moja katika mtaa, labda mbili. Mwenye televisheni alikuwa mwenyeji na mtazamaji alikuwa mgeni, na mgeni wa Mombasa ana utaratibu wake. Atabisha hodi mpaka aitikiwe karibu. Atavua viatu mlangoni. Ataketi anapoonyeshwa, watoto mkekani na watu wazima vitini. Hatavaa alichoshinda nacho kazini, kwa maana kuja na jasho kwa watu ni kuwavunjia heshima. Nguo za kutokea zilikuwa na mahali pake sandukuni, na ziara ya televisheni ilizitoa sandukuni siku za katikati ya wiki, jambo ambalo zamani lilifanywa na arusi, maulidi na Idi. Watoto ndio waliobanwa zaidi. Aliyekuja na vumbi la mpira wa mchana alirudishwa kuoga, na akirudi huenda alikuta sehemu aliyoipenda imekwisha.

Hata televisheni yenyewe ilivishwa. Zile kubwa za sebuleni zilikuwa ndani ya kabati la mbao lenye milango miwili na kufuli, na juu yake kilitandikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, chenye pembe zilizoning'inia mbele ya kioo kwa kipimo. Ilipozimwa, ilifunikwa. Mbele ya wageni ilifunuliwa, taratibu, na mwenye nyumba mwenyewe au mtoto wake mkubwa, na baada ya kubonyezwa kulikuwa na kungoja. Mara nyingi picha haikusimama mpaka mmoja apande juu kuigeuza antena huku mwingine akimpigia kelele kutoka ndani.

Kwa wanawake wa Mombasa jambo hili lilikuwa na upande wake, na ndio upande wenye mengi zaidi. Burudani ya picha kabla ya hapo ilikuwa sinema: Majestic, Regal, Naaz. Kwenda sinema kulihitaji buibui, ruhusa, wa kufuatana naye, na mara nyingi onyesho maalumu, kwani katika miji ya pwani sinema zilitenga maonyesho ya wanawake pekee. Ndani ya ukumbi wa wanawake, chini ya buibui, kulikuwa na gauni zilizoshonwa kwa mfano wa nyota wa filamu za Kihindi, nywele zilizosukwa siku ile, na kikuba cha asmini na rehani kifuani. Televisheni iliwaletea picha nyumbani, wakaweza kuitazama dunia bila kutoka wala kutazamwa. Kwa mama wa Mji wa Kale au Majengo huo ulikuwa uhuru mkubwa, ingawa ulikuwa na gharama yake, kwa maana matembezi ya kwenda sinema, pamoja na maandalizi yake ya tangu asubuhi, yalianza kupungua. Katika miji mingi ya Kiislamu husimuliwa kisa cha bibi aliyejitanda ushungi mara mtangazaji wa kiume alipotokea kwenye kioo, na kuitikia salamu zake kwa sauti. Wanaokisimulia kama kichekesho hawamtendei haki bibi huyo. Mwanamume amesalimu watu wa nyumba, na watu wa nyumba wamemwitikia wakiwa wamevaa inavyopasa.

Mtangazaji naye alivaa. Wasomaji wa habari wa VoK walikaa mbele ya kamera wakiwa na koti na tai, au suti ya Kaunda ya mikono mifupi, ingawa nyumbani kwa watazamaji wengi rangi ya tai haikujulikana, kwa kuwa kioo kilikuwa cheusi na cheupe. Dunia nyingine iliwahi kufika mbali zaidi katika jambo hili: nchini Uingereza, watangazaji wa redio wa BBC wa miaka ya 1920 walitakiwa kuvaa suti rasmi za usiku, na hakuna msikilizaji aliyeweza kuwaona. Waliolianzisha jambo hilo waliona kwamba nguo huingia katika sauti. Wazee wa Mombasa wangeafikiana nao.

Vipindi vilifundisha mavazi kwa njia ya kinyume pia. Vioja Mahakamani kilijaa washtakiwa waliojifunga walichokipata, mbele ya mahakama iliyovaa rasmi, na kicheko kilitokana na umbali baina ya pande hizo mbili. Katika Vitimbi, Mzee Ojwang na Mama Kayai walibishana wakiwa katika nguo ambazo hakuna mtazamaji angezivaa kwenda kuwatazama. Watu waliovaa kanzu safi walikaa kuwacheka watu waliovaa vibaya kwa makusudi. Na ilipofika siku ya huzuni kioo hicho hicho kilibadilika. Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978 na kuzikwa Nairobi tarehe 31, na penye televisheni moja mtaani siku hiyo palikuwa matangani.

Serikali za Afrika Mashariki ziliyajua mavazi kuwa ni siasa. Tanzania Bara, Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulitangaza Oktoba 1968 Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na vipodozi vya kuchubua. Uganda, Idi Amin alizikataza sketi fupi mwaka 1972. Mfano wa kutafakarisha zaidi ni Zanzibar. Visiwa hivyo vilikuwa na televisheni ya rangi kufikia mwanzo wa mwaka 1974, ya kwanza kusini mwa Sahara, wakati Tanzania Bara haikupata televisheni mpaka mwaka 1994. Lakini katika miaka ile ile serikali ya Zanzibar ilikuwa ikiwazuia vijana kufuga nywele na kuvaa suruali za miguu mipana. Walipewa kioo cha kuonyesha rangi zote za dunia, wakatakiwa wasizivae. Mombasa hapakuwa na amri ya namna hiyo. Kulikuwa na macho ya mtaa, na yalitosha kwa muda.

Televisheni ya kubeba ndiyo iliyoyachosha macho hayo. Mkono wake wa kushikia ulikuwa juu, mahali pa kitambaa, na kitambaa hakikukaa tena. Haikuwa na milango wala kufuli. Iliweza kutolewa sebuleni ikawekwa jikoni, barazani, dukani, juu ya friji ya soda, kwa kinyozi, kwa mshona nguo, mezani pa mkata tiketi. Mwembe Tayari ilipokelewa vizuri kuliko mahali pengi, kwa sababu mtaa wenyewe haulali: abiria wanangoja, makuli wanapumzika, wauza viatu wanafunga meza zao usiku. Mwenye duka aliigeuzia kioo mlangoni, na watu wakasimama barabarani kutazama. Hamali alisimama na mkokoteni wake. Utingo alisimama na taulo shingoni. Hakuna aliyebisha hodi, maana hapakuwa na mlango, na asiyebisha hodi hahitaji kubadilisha nguo.

Palikuwa na miaka kadhaa ambapo desturi mbili zilisimama bega kwa bega mbele ya kioo kimoja. Msafiri wa basi la usiku alikuwa amevaa vizuri kabisa, kwa kuwa safari ya Nairobi bado ilihesabiwa kuwa jambo la kutokea: koti, viatu vilivyopakwa rangi, mwanamke na leso mpya begani, kapu lenye halua ya kupeleka bara. Kando yake alisimama mtu wa kikoi na fulana. Wote wawili walikuwa wakitazama kandanda ya Ujerumani au, katika Juni na Julai ya 1990, Kameruni ya Roger Milla ikifika robo fainali ya Kombe la Dunia. Picha ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliyesimama nyuma aliuliza mpira uko wapi. Abiria alipoitwa na basi lake, mwenye kikoi alisogea mbele.

Hapa wanaosikitikia zama hizo wanapaswa kusikilizwa kwa makini na kisha kukumbushwa jambo. Ziara ya sebuleni ilikuwa nzuri kwa aliyekaribishwa. Mtoto asiyekuwa na shati la pili alirudishwa mlangoni si kwa sababu ya vumbi peke yake. Hamali wa Majengo aliyekuwa na nguo moja hakuwahi kuiona sebule yenye kabati la mbao kutoka ndani. Kanuni ya mavazi iliyoanza kama ushahidi wa uhuru ilikuwa imeanza tena kuwatenga watu, mara hii kwa kipato. Televisheni ya kubeba ilimwonyesha hamali alichokuwa akionyeshwa mwenye kanzu, palepale alipokuwa amesimama, kama alivyokuwa amevaa. Hilo ni jambo la heshima pia, na linastahili kuwekwa kwenye mizani pamoja na uzuri wa pasi ya makaa.

Wala kifaa kidogo hakikuyafanya hayo peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 masharti ya biashara yalilegezwa, na mitumba ikaingia kwa wingi kupitia bandari ya Kilindini. Soko la Kongowea likawa mlima wa nguo za Ulaya na Marekani. Shati ambalo zamani lilishonwa kwa kipimo na kuvaliwa miaka mitano liliweza kununuliwa kwa bei ya chakula. Stesheni ya KTN ilianza mwaka 1990, na nyingine zikaendelea kuongezeka. Kila nyumba ikapata kioo chake, na aliye na kioo chake hana sababu ya kwenda kwa jirani. Hapo ndipo ziara ilipokwisha kabisa. Mtu anayetazama akiwa kitandani na msuli hajakosa adabu. Amekosa mwenyeji tu.

Mavazi yenyewe yamehifadhiwa mahali pengine zaidi ya kumbukumbu. Kuanzia miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, N.V. Parekh alipiga picha katika studio yake Mombasa, na picha hizo za rangi nyeusi na nyeupe zimekuja kuonyeshwa mbali na Mombasa. Ndani yake wamo vijana wa suruali za miguu mipana na viatu vya raizoni, wazee wa kanzu na koti, wanawake waliokuja studio ndani ya buibui na kulivua mbele ya kamera ili gauni lionekane. Wamesimama wima, mabega nyuma, mkono mmoja kitini. Anayezitazama leo huona kitu ambacho maneno ya wazee hayakifikishi vizuri: watu wale hawaonekani kubanwa na nguo zao. Wanaonekana wamefika.

Mwaka 2015 Kenya ilizima mitambo ya analogia. Antena ya kuvuta haikuwa na cha kudaka tena, na televisheni za chogo ambazo hazikuunganishwa na king'amuzi zilibaki na chenga zake, mistari 625 ya mvua nyeupe. Baadhi zilikwenda kwa mafundi, ambao hutoa ndani yake waya wa shaba na kuliacha ganda. Kitu walichokitaka watu wa Philco mwaka 1959, mtu kutembea na picha yake mkononi, sasa kiko katika simu ya kila abiria anayengoja basi Mwembe Tayari, na kila mmoja anatazama chake, kichwa kikiwa kimeinama.

Tofauti ni kwamba kioo cha leo kina jicho. Simu inaona, na inapeleka ilichokiona. Kwa hiyo nguo za kutokea zimerudi kwa mlango mwingine: vijana hujipanga Ijumaa baada ya sala, kanzu nyeupe na kofia za mkono zenye vito, wakapigane picha, na msichana hubadilisha mtandio kabla ya kumpigia shangazi yake aliye Maskati simu ya video. Na katika arusi za Mombasa, usiku wa kupamba, wanawake wanapoingia ukumbini na kuvua mabuibui yao mbele ya bibi arusi, penye udi na asmini na gauni zilizoshonwa kwa siku hiyo moja, anakuwepo mtu wa kuzikusanya simu. Huzipokea mlangoni, pale pale viatu vinapovuliwa, huzifunga katika mfuko wenye jina la mwenyewe, na kuziweka chini mpaka ngoma iishe.